Moto wa Mbabula Ukiwa Dhaifu

Mama, umeteleka uji wa munkoyo, lakini hauchemki. Makala hayawaki vema. Sababu ni nini? Moto huhitaji hewa, kama vile mtu anavyohitaji kupumua. Ukiikosa, hufifia.

Angalia mambo haya:

1. Majivu. Yakijaa chini huziba njia ya hewa. Yaondoe kabla ya kuwasha.

2. Matundu. Yazibue kwa kijiti.

3. Mlango wa mbabula. Uelekeze upande unakotoka upepo.

4. Makala. Yakilowa mvua, yaanike juani. Usijaze vumbi la makala. Vipande vikubwa huacha nafasi ya hewa.

Usimwage petroli wala esansi juu ya moto. Utaungua.

Sasa sikia neno lililo kubwa zaidi. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu. Moto ukikosa hewa, sumu huzidi. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa njema. Mwezi wa Juni na Julai, wakati wa baridi hapa Lubumbashi, wako wanaoingiza mbabula chumbani, wakafunga dirisha, wakalala. Wengine hawaamki tena. Usidanganyike na makala mekundu yasiyo na moshi. Nayo yana sumu.

Kichwa kikiuma, au ukiona kizunguzungu na kichefuchefu, toka nje upesi. Aliyezimia mtoeni nje, mkampeleke hospitali mara moja.

Basi, pikia nje. Usiku ujifunike blanketi, na mbabula ibaki uani.