Kiharusi na Wenye Virusi vya UKIMWI

Wengi hudhani kiharusi ni ugonjwa wa wazee tu, au ni kazi ya wachawi. Sivyo. Madaktari waliochunguza wagonjwa wa Hai na Dar es Salaam, tangu mwaka 2003 hata 2006, waliona ya kuwa wenye virusi vya UKIMWI hupatwa nacho zaidi, maana virusi hudhuru mishipa ya damu. Basi, enyi wenye nyumba wa Masanze, mwenye virusi asiache dawa zake hata siku moja, tena apimwe shinikizo la damu. Uso ukipinda, mkono ukilegea, au ulimi ukiwa mzito, msingojee mpiga ramli. Mpelekeni hospitali Kilosa saa ile ile. Kukawia ni kupoteza kiungo, pengine uhai.