Je, Uponyaji Unaweza Kupimwa?

Katika toleo hili tunajibu swali lililoletwa na kikundi kimoja cha akina mama. Walituomba tusitaje jina la kikundi wala la kijiji, na tumekubali.

Mambo yalikuwa hivi. Mmoja wao alikuwa akitumia dawa za kifua kikuu, yaani TB. Baada ya miezi miwili kikohozi kiliisha, akaanza kunenepa, akarudi shambani. Halafu kukawa na mkutano wa injili pale sokoni. Mhubiri akamwekea mikono, akamwambia amepona kabisa, na tembe zilizobaki azitupe, kwa maana kuendelea kuzimeza ni kumwita Mungu mwongo. Mama akazitupa. Siku ya merigoraundi ilipofika, kikundi kikagawanyika. Wengine walisema aende akapimwe makohozi. Wengine wakaruka juu: "Kwani nyinyi mnataka kumpima Mungu?" Maneno yakawa moto, hata mwekahazina hakuhesabu pesa siku hiyo. Ndipo wakatuuliza: mambo ya imani yanaweza kupimwa kwa ushahidi, ama kufanya hivyo ni dhambi?

Swali hili si rahisi, kwa sababu ndani yake kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Mtu akisema, "Mungu ananipenda," ama "Mungu alisema nami usiku," hakuna mizani ya kupima hayo. Hakuna mwingine anayeweza kuingia rohoni mwake akaangalie. Hata yule asiyeamini hawezi kuonyesha kwamba si kweli. Lakini mtu akisema, "Mungu ameniondolea TB," hapo ametaja kitu kilicho ndani ya kifua. Vijidudu vya TB ama vimo ama havimo. Anayeamini na asiyeamini wakiangalia kwa darubini moja, wataona kitu kimoja.

Wengi wenu mnakumbuka kikombe cha Loliondo. Mwaka wa 2011, katika kijiji cha Samunge kule kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alikuwa akiwapa watu kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti uitwao mugariga. Bei ilikuwa shilingi 500 za Tanzania, haikufika hata bob thelathini za huku kwetu wakati ule. Nauli ndiyo ilikuwa mzigo. Magari yalijipanga kilomita nyingi, watu wakalala barabarani siku kadhaa, na Wakenya walikuwa wengi kwenye foleni. Magazeti yaliripoti wagonjwa waliofia njiani wakingoja.

Babu, kama alivyoitwa na wote, alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Hilo hakuna aliyeweza kulipima, na sisi hatulipimi. La pili, kwamba kikombe kinaponya ukimwi, kisukari, saratani na magonjwa mengine. Hilo lilikuwa la kupimwa: mpime mtu damu kabla, mpime tena baada ya miezi. Maofisa wa afya walisema kinywaji hicho hakina sumu, na watu wengi, bila kusikiza vizuri, wakadhani serikali imesema kinaponya. Lakini hata chai haina sumu, wala haiponyi ukimwi. Hakuna utafiti ulioonyesha kwamba kikombe kilimwondolea mtu virusi. Na kuna walioacha ARV baada ya kunywa, wakazidiwa. Babu mwenyewe alifariki mwaka wa 2021.

Sasa mtasema, mbona watu wengi hivyo waliamini? Ni kwa sababu ya ushuhuda. Angalieni haya maneno mawili, ushuhuda na ushahidi. Yote yanatoka kwa shahidi, lakini hayafanyi kazi moja. Kanisani mtu akisimama kutoa ushuhuda, tunapiga makofi na kusema amina, hatumhoji. Kwa baraza la chifu, shahidi huulizwa: ulikuwa wapi, ulijuaje, nani mwingine aliona? Ushuhuda ni mzuri mahali pake. Shida huja tunapoutumia kuamua kama mtu atupe dawa. Aliyepona hupanda jukwaani, na aliyekufa hawezi kuja kutuambia kwamba yeye alikunywa kikombe hicho hicho. Tena kuna magonjwa yanayopanda na kushuka yenyewe, kama maumivu ya viungo. Mtu hutafuta maombi siku amezidiwa sana, na baada ya siku ile ya kuzidiwa mara nyingi nafuu huja, awe ameombewa au la. Na TB ndiyo mjanja kuliko yote: ukimeza dawa wiki chache tu unajisikia mzima, lakini vijidudu vilivyo sugu bado vimejificha. Ndiyo maana matibabu huenda miezi sita.

Mkulima anajua dawa ya shida hii. Akitaka kuona kama mbolea mpya inafanya kazi, huacha mistari miwili mitatu ya mahindi bila mbolea, halafu analinganisha. Mwaka wa 2006 madaktari wa Marekani, Herbert Benson na wenzake, walitangaza matokeo ya kujaribu maombi kwa njia kama hiyo. Walikuwa na wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita, wakawagawa mafungu matatu kama kwa kura. Fungu la kwanza liliombewa na vikundi vya Wakristo, la pili halikuombewa, na wote hao waliambiwa tu kwamba labda wataombewa, labda hapana. Fungu la tatu liliombewa na likaambiwa wazi. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa 52 kwa kila mia katika fungu la kwanza, 51 katika la pili, na 59 katika la tatu. Huenda hao wa mwisho waliingiwa na hofu: "Kumbe niko vibaya hadi naombewa?"

Je, hiyo inaonyesha Mungu hasikii? Sidhani. Hakuna daktari aliyeweza kuwazuia akina mama na mashangazi wa fungu la pili wasiombe kimya kimya nyumbani. Tena mbolea haina hiari. Ukiiweka shimoni itafanya kazi yake, lakini hakuna Mkristo anayeamini kwamba Mungu ni mbolea. Kilichopimwa ni kitu kidogo: kama maombi ya vikundi vile yangeongeza nafuu inayoweza kuhesabiwa. Hayakuongeza.

Lakini hapa lazima tuwe wakweli. Anayesema uponyaji hauhesabiki asije kesho na orodha ya waliopona. Ukikataa kuwahesabu wasiopona, huna ruhusa ya kuwahesabu waliopona. Wahubiri wengi wanataka yote mawili, na sisi tunawaachilia.

Kuhusu dhambi, fungueni Biblia zenu. Katika Mambo ya Walawi sura ya 13, mtu mwenye alama ya ukoma alipelekwa kwa kuhani. Kuhani hakumuuliza anajisikiaje. Aliangalia ngozi na rangi ya nywele, na kama hakuwa na hakika alimtenga siku saba, akamwangalia tena, na ikibidi siku saba zingine. Hiyo ni kliniki, na siku ya kurudi imeandikwa! Na katika Luka 17, Yesu alipokutana na wale kumi wenye ukoma, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, yaani kwa wale wale waliokuwa na kazi ya kupima. Hakuona kwamba kupimwa ni kukosa imani.

Wengine watatuambia tumeagizwa tusimjaribu Bwana. Ni kweli, lakini neno hilo lilitumika wapi? Katika Mathayo 4, pale shetani alipotaka Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake. Kumjaribu Mungu ni kujitia hatarini kwa makusudi ukitaka yeye akuokoe. Basi kati ya yule anayetupa tembe na yule anayepeleka makohozi maabara, nani amejirusha? Anayepimwa anaangalia tu kilichopo. Kama Mungu amemponya, darubini haitamnyang'anya uponyaji wake.

Tuliyasema haya kwa kikundi chote tukiwa tumeketi chini ya mwembe, mama mwenyewe akiwepo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema ataenda, lakini kwanza waombe. Wakaomba, hata wale waliopinga, na wawili wakamsindikiza, nauli ikatoka kwa kikundi.

Vijidudu bado vilikuwemo. Walimpima pia kuona kama vimekuwa sugu kwa dawa, na kwa bahati njema havikuwa, kwa hivyo akaanzishwa dawa upya, kuhesabu kutoka mwezi wa kwanza. Watoto wake watatu wakapimwa nao. Sasa yuko mwezi wa tano. Kliniki yake ni kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, siku ile ile ya merigoraundi, na kikundi kimehamisha mkutano wake hadi Jumatano.