Udongo wa Kabiria katika Bahari ya Malindi

Mvua za masika zinapoteremka Kabiria, na maji mekundu yakaporomoka mitaroni kutoka viwanja vinavyochimbwa misingi ya nyumba, mpita njia huona uchafu tu unaomharibia viatu, ilhali mwenye elimu ya bahari huona hapo mwanzo wa safari ndefu inayoishia chini ya mawimbi. Sehemu hizi za Dagoretti ziko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na udongo wake ni majabali ya volkano yaliyooza kwa dahari nyingi, mpaka yakawa chembe ndogo mno zisizolemea maji. Vijito huzichukua hadi Mto Nairobi, nao hujimwaga katika Athi. Na Athi, baada ya kuzunguka mlima wa Ol Donyo Sabuk na kufuata ubavu wa Uwanda wa Yatta, hukutana na Mto Tsavo na kupata jina la Galana, kisha Sabaki, hata ukaingia Bahari ya Hindi kaskazini ya mji wa Malindi.

Mashapo, yaani vitu vyote vinavyotua juu ya sakafu ya bahari, aghalabu yana asili mbili. Yako yanayoletwa na mito na upepo kutoka bara, na yako yanayotokana na viumbe vya baharini venyewe. Mchanga mweupe wa Diani au Watamu si mawe ya bara hata kidogo, bali ni chokaa ya matumbawe na makombe yaliyovunjika, na sehemu yake si haba imepita tumboni mwa samaki aitwaye pono, ambaye hutafuna mwamba ili ale mimea iliyoota juu yake, kisha hutoa masalia yakiwa mchanga safi. Mbali zaidi, katika vina vya maelfu ya mita, hutua tope laini na magamba ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, tena polepole mno, pengine milimita chache tu katika miaka elfu.

Pale Sabaki unapokutana na bahari mambo huenda kwa haraka zaidi. Mchanga mzito hutua kwanza, na mawimbi yakiusukuma ufukweni na upepo ukiuinua, hufanya vilima vya mchanga vinavyoonekana upande wa Mambrui. Udongo wa mfinyanzi una tabia nyingine. Katika maji baridi ya mto chembe zake husukumana na kukataa kushikana, kwa sababu zote zina chaji ya umeme ya aina moja. Lakini maji ya bahari, ambayo kila kilo yake ina takriban gramu 35 za chumvi, huivunja nguvu hiyo, na chembe zikagandamana mabonge mabonge, kama maziwa yaliyotiwa ndimu, zikazama.

Wapi zitazama, hilo huamuliwa na pepo za msimu. Kusi inapovuma, mawimbi na mkondo huyapeleka maji ya mto upande wa kaskazini, kuelekea Ghuba ya Ungwana. Na kaskazi ikishika zamu, tope hurejeshwa kusini hadi Malindi, kwenye miamba iliyohifadhiwa kwa sheria tangu 1968. Matumbawe huishi kwa msaada wa vijimea vilivyomo ndani ya miili yao, navyo havina riziki pasipo mwanga wa jua. Basi maji yakitibuka kwa muda mrefu, mwamba hudhoofika.

Ajabu ni kwamba mwamba huohuo umehifadhi ushahidi wa hayo yanayoupata. Matumbawe ya jinsi ya Porites hujenga mifupa yao ya chokaa tabaka juu ya tabaka, kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, na mtaalamu akitoboa na kutoa kipande chembamba kutoka juu hadi shinani aweza kuhesabu miaka yake. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walitangaza habari za tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka ipatayo 300. Walipima bariamu, madini ambayo husafiri mtoni yakiwa yameshikamana na udongo, huachana nao yakutanapo na chumvi, kisha huingia mifupani mwa tumbawe badala ya kalisi. Kwa hiyo bariamu ikizidi, ni dalili kuwa udongo umezidi. Tangu karibu mwaka 1700 hadi mwanzoni mwa karne ya 20 kipimo kilikaa chini bila mabadiliko makubwa. Kisha kikaanza kupanda, katika zama zilezile walowezi wa Kiingereza walipotwaa ardhi ya nyanda za juu na misitu ikafyekwa, na baada ya Vita Vikuu vya Pili kikazidi kupanda.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila tope ni adui. Mikoko huota juu yake, kamba hukulia ndani yake, na ufuo wa Malindi umesonga mbele kwa mali ya mto huu. Wala bwawa kubwa, kama lile la Thwake katika Athi, haliwezi kuzuia maji lisizuie na mchanga ambao pwani inautegemea. Linalotakiwa ni kadiri, nayo hutafutwa bara kabla ya baharini. Wakulima wa Machakos, ambao mashamba yao katika miaka ya 1930 yalisifika kwa mmomonyoko, waliyakinga kwa matuta ya fanya juu, na udongo mwingi ukabaki mahali pake. Huku mijini, ambako hakuna shamba la kukatwa matuta, kazi yenyewe ni nyepesi zaidi: kuacha ukanda wa nyasi kando ya kijito, na kufunika kifusi cha msingi kabla ya mvua. Mwenye kiwanja akifanya hivyo huokoa udongo wake na mtaro wa jirani yake, na mvuvi wa Malindi asiyemjua naye hupata faida.