Chuo kikuu kinapobisha hodi shuleni: mambo ya kuuliza kabla ya kuchagua masomo



Hapa Uvira, katika mtaa wetu wa Kimanga, kuna msimu ambao kila familia yenye mtoto wa mwaka wa mwisho inaujua vizuri. Mtihani wa Serikali, ule tunaouita Egzeta, umekaribia. Prefe anawakusanya wanafinalisti katika darasa moja. Mgeni anaingia na bango la chuo kikuu na karatasi zenye rangi. Anaongea nusu saa. Anataja fakulte moja baada ya nyingine: udaktari, sheria, uchumi, kilimo, informatiki. Anaandika namba za simu za wanafunzi, anaaga, anakwenda shule nyingine. Jioni mtoto anarudi nyumbani na kusema: "Mama, mimi nitasoma sheria." Mama aliyeshinda sokoni akiuza ndagala anauliza: "Ni miaka mingapi, mwanangu? Na ni pesa ngapi?" Mtoto hana jibu.

Tunaandika haya kwa ajili ya mama huyo na mtoto wake, na pia kwa ajili ya mchungaji ambaye kesho yake atabishiwa hodi na kuombwa shauri. Tunataka kueleza kazi ya mgeni huyo, jinsi masomo ya juu yanavyopangwa katika nchi yetu leo, na maswali ambayo familia inapaswa kuuliza kabla ya kutoa hata dola moja.

Mgeni huyo ni nani?

Ni mtumishi wa chuo fulani. Ametumwa kukitangaza chuo chake na kutafuta wanafunzi. Kazi hiyo si mbaya. Bila wageni kama hao, watoto wengi wa pwani hii ya Tanganyika wangejua habari za vyuo vya Bukavu, Goma au Kinshasa kwa uvumi tu. Wengi wao wanaeleza kwa uaminifu, na mara nyingine wanamwonyesha mtoto njia ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeifikiria.

Lakini tukumbuke jambo moja. Chuo cha binafsi kinaishi kwa pesa za wanafunzi. Anayeuza vitenge atakufunulia vitenge vyake. Hatakuambia kwamba vya jirani ni imara zaidi. Si lazima awe mwongo, lakini anasema upande wake. Kwa hiyo maneno yake tuyapokee kama nusu ya shauri. Nusu nyingine inapaswa kutoka kwa walimu, kwa wazazi, na kwa watu wa kusanyiko wanaofanya kazi ile mtoto anayoitamani.

Opsioni ya sekondari ndiyo mlango wa kwanza

Mtoto aliyesoma Pedagogi, Komersiali, Sayansi, Latini-Filozofia, Sosiali, kilimo au ufundi amekwisha kuchagua sehemu ya njia, hata kama hakujua. Diploma ya Serikali inapatikana kuanzia asilimia 50, na inamruhusu kugonga mlango wa chuo. Lakini si kila mlango unafunguka kwa urahisi ule ule.

Aliyesoma Sayansi, ile ambayo wengi bado wanaiita Biochimie, amezoea kemia, biolojia na hesabu. Akienda udaktari au kilimo, mwaka wa kwanza hautamshangaza sana. Aliyesoma Komersiali ana msingi wa uhasibu. Aliyesoma Pedagogi amekwisha kusimama mbele ya darasa. Mtoto wa Komersiali anaweza kutamani udaktari, na wapo waliofaulu kuruka namna hiyo, lakini ajue kwamba anaanza safari akiwa nyuma ya wenzake. Vyuo vingine vina mtihani wa kuingia, vingine vina mwaka wa maandalizi kabla ya mwaka wa kwanza, na vingine vinadai asilimia kubwa kuliko 50 kwa fakulte ngumu. Mgeni aulizwe waziwazi: "Mtoto mwenye opsioni hii na asilimia hizi, mnampokea katika fakulte gani, na kwa masharti gani?"

Kutokana na hilo, wazazi wenye watoto wa mwaka wa 8 wasikie pia. Shauri la chuo kikuu halianzi katika mwaka wa mwisho. Linaanza siku mtoto anapochagua opsioni, wakati ambao hakuna mgeni anayekuja shuleni na bango.

Miaka 3, miaka 5: maana ya LMD

Hapa ndipo familia nyingi zinachanganyikiwa. Wazazi waliosoma zamani wanajua graduati ya miaka 3, kisha lisansi ya miaka 2. Aliyeitwa lisansie alikuwa amesoma miaka 5.

Leo mpango umegeuka. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilifungua njia, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mpango mpya ulienezwa katika nchi nzima. Unaitwa LMD, yaani Lisansi, Masta, Doktora. Lisansi ni miaka 3. Masta ni miaka 2 baada ya lisansi. Doktora inafuata, kwa wale wanaotaka kufanya utafiti na kufundisha katika chuo kikuu.

Maana yake ni kwamba neno "lisansi" limebaki lile lile, lakini uzito wake si ule wa zamani. Lisansi ya leo inalingana kwa miaka na graduati ya jana. Mgeni akisema, "Kwetu mtoto anapata lisansi kwa miaka 3 tu," amesema kweli, lakini si kwamba chuo chake ni chepesi kuliko vingine. Ni sheria ya vyuo vyote. Familia inayotaka mtoto afike pale alipofika mjomba wake lisansie wa zamani, ihesabu miaka 5.

Tena, masomo sasa yanahesabiwa kwa krediti. Mwaka mmoja una krediti 60, hivyo lisansi ni krediti 180, na masta ni 120 zaidi. Krediti inahesabu pia kazi ambayo mwanafunzi anafanya peke yake, nje ya darasa. Mtoto aliyezoea kunakili tu maneno ya mwalimu atapaswa kujifunza kusoma vitabu mwenyewe. Udaktari una hesabu yake: ni miaka isiyopungua 6.

Chuo kikuu si njia pekee

Wageni wa vyuo vikuu huongea juu ya vyuo vikuu. Lakini nchi yetu ina pia shule za juu za kazi maalum. ISP inaandaa walimu wa sekondari. ISTM inaandaa wauguzi, watu wa maabara na wengine wa afya. ISC ni ya biashara, na ISDR ni ya maendeleo ya vijijini. INPP inafundisha ufundi wa mikono: umeme, makanika, ujenzi, useremala.

Chukueni mfano wa uuguzi. Muuguzi wa A2 amesomea sekondari ya afya. Wa A1 amesoma miaka 3 zaidi katika shule ya juu. Wa A0 ameendelea tena mbele. Binti anayependa kuhudumia wagonjwa, na ambaye familia yake haiwezi kubeba miaka 6 ya udaktari, anaweza kuanza hapo, apate kazi, kisha aendelee. Hajashindwa. Amepanda ngazi kwa hatua ambazo miguu yake inaweza.

Tutazame pia mahitaji ya mji wetu. Kipindupindu kinarudi Uvira mara kwa mara kwa sababu ya maji machafu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba na kuua watu. Ziwa linalisha maelfu ya familia, na hapa kwetu kuna kituo cha utafiti wa maji na viumbe vya ziwa, CRH. Nani atasomea maji, ujenzi, samaki, misitu ya milimani? Mara nyingi darasa zima linataka sheria au udaktari, kwa sababu ndiyo majina yenye sifa. Sheria na udaktari ni kazi njema. Lakini fakulte yenye wanafunzi wengi haimaanishi kazi nyingi.

Kibali na ekivalansi

Diploma ya chuo ina thamani tu kama chuo kinatambuliwa na Serikali. Wizara ya elimu ya juu ndiyo inayotoa kibali. Chuo kinaweza kuwa na jengo zuri na jina kubwa, lakini kama hakina kibali, mtoto atamaliza akiwa na karatasi isiyomfungulia ofisi ya Serikali wala masomo ya mbele. Na kibali kinahusu pia fakulte: chuo kinachotambuliwa kwa uchumi kinaweza kuwa kimefungua tawi jingine ambalo bado halina ruhusa. Msione haya kuomba kuona namba ya kibali. Chuo chenye haki hakitakasirika.

Kwa sisi tulio karibu na mpaka, Bujumbura inavutia. Kuna watoto wetu wanaosoma Chuo Kikuu cha Burundi au vyuo vya makanisa kule. Ni njia nzuri, lakini diploma ya nchi ya kigeni inahitaji ekivalansi ili itambuliwe huku kwetu. Tena mpaka unaweza kufungwa. Anayechagua Bujumbura afikiri mapema juu ya mambo hayo mawili.

Kuhesabu gharama

Bwana Yesu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza anaketi na kuhesabu kama ana mali ya kuumaliza. Mfano huo uko katika Luka 14, na unafaa sana hapa.

Bei iliyoandikwa kwenye karatasi ya mgeni ni minervali ya mwaka mmoja. Kuna pia pesa za kuandikishwa, za mitihani, za stazi, za kazi ya mwisho. Kuna chumba, chakula, nauli, vitabu, simu. Zidisha kwa miaka 3 au 5. Tangu vita ilipofika Bukavu mwezi wa Februari 2025, safari ya kwenda kusoma kule imekuwa pia shauri la usalama, na familia nyingi zimetawanyika. Mtoto anayesoma karibu na nyumbani, akila mezani kwa mama yake, anaweza kumaliza. Aliyepelekwa mbali kwa pesa za kuuza kiwanja anaweza kurudi katikati ya njia, bila diploma na bila kiwanja.

Jambo jingine linatuuma. Pesa zikiwa chache, mara nyingi anayebaki nyumbani ni binti, hata kama asilimia zake zinapita za kaka yake. Wazee, tuhesabu kwa haki.

Kubadili njia si aibu

Dr. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa mtoto alimfuata baba yake kuombea wagonjwa, akatamani kuwa yule anayetoa dawa. Alimaliza sekondari katika Institut Bwindi mwaka 1974, opsioni ya Biochimie. Lakini masomo yake ya kwanza ya juu hayakuwa udaktari. Alikwenda Kinshasa, akakaa miaka 2 katika fakulte ya Politekiniki. Mwaka 1976 aligeuka, akaingia udaktari huko Burundi, ng'ambo ya mpaka wetu, akamaliza mwaka 1983.

Alianza kazi katika hospitali ya Lemera, kwenye milima ya teritwari yetu ya Uvira. Pale aliona mateso ya wanawake wanaojifungua, ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya Amani. Ile miaka 2 ya Kinshasa haikumfunga, na utaalamu wake aliuchagua baada ya kuona uhitaji kwa macho yake. Mtoto wako akikosea mwaka mmoja, usimlaani. Keti naye, mtafute tena.

Maswali ya kumwuliza mgeni

Yaandikeni kwenye karatasi, mtoto aende nayo shuleni:

1. Chuo chenu na fakulte hii vina kibali cha Serikali? Namba yake ni ipi?
2. Kwa opsioni yangu na asilimia zangu, nitapokelewa wapi, na kwa mtihani gani?
3. Ni miaka mingapi mpaka diploma, na masta inapatikana kwenu au ni mahali pengine?
4. Pesa zote za mwaka mzima ni kiasi gani, na zinalipwa kwa sehemu ngapi?
5. Maabara, maktaba na stazi viko wapi?
6. Waliomaliza kwenu wanafanya kazi gani leo? Naweza kuongea na mmoja wao?
7. Vita au mafuriko vikikatiza mwaka, mnafanyaje na wanafunzi na pesa zao?

Mgeni mwema atafurahia maswali hayo. Asiyejibu, naye amekwisha kujibu.

Na sisi kanisani? Makanisa yanasimamia shule nyingi katika nchi hii, chini ya mkataba na Serikali wa tarehe 26 Februari 1977, na yameanzisha vyuo pia, kama Université Evangélique en Afrique ya Bukavu. Lakini hata kusanyiko dogo lina uwezo. Jumapili moja baada ya ibada, waiteni wanafinalisti na wazazi wao. Mkalisheni mbele muuguzi, mwalimu, fundi wa umeme, mhasibu na mkulima wa kusanyiko lenu. Kila mmoja aeleze kwa dakika kumi: nilisoma nini, miaka mingapi, nililipa vipi, na kazi yenyewe ikoje. Haigharimu kitu, na watoto watasikia ile nusu ya shauri ambayo bango haliwezi kuwapa.

Kuuliza si ujinga. Bwana awape watoto wetu hekima ya kuchagua, na awape wazazi nguvu ya kuwafikisha.