Mgodi Ulifungwa, Maji Bado Yanachimba

Mgodi wa shaba wa Macalder, huko Nyatike katika kaunti ya Migori, ulifungwa mwaka 1966. Mashine zilinyamaza, lakini mabaki ya mawe yaliyosagwa yaliachwa palepale. Tangu hapo, kila mvua inaponyesha, maji huendeleza kazi ambayo watu waliiacha.

Shaba ya Macalder ilishikana mwambani na salfa, chuma na zinki. Jiwe la aina hii likiwa chini ya ardhi halina neno. Likisagwa kuwa unga, hewa na maji hulifikia kila upande, na salfa yake hugeuka asidi ya salfuriki, ile iliyomo kwenye betri ya gari. Asidi hiyo huyeyusha shaba, zinki na hata arseniki, kisha mvua huteremsha mchanganyiko huo mtoni.

Utandu wa rangi ya kutu kwenye mawe ya kijito ni dalili, kwani hicho ni chuma kilichoganda. Shaba iliyoyeyuka, hata ikiwa nyingi kiasi cha kudhuru, inaweza isionekane. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 2 za shaba kwa lita. Samaki huumia kwa kiasi kidogo zaidi, maana shaba huharibu matamvua yao. Kwa hiyo maji yasiyomdhuru mnywaji yanaweza kumuua samaki, na Mto Kuja, unaopokea maji ya eneo la Macalder, unaishia Ziwa Victoria, ziwa linalowalisha wavuvi wa Migori na Homa Bay.

Wachimbaji wadogo wanaorudia mabaki kutafuta dhahabu huongeza zebaki na sayanidi, na kila wanapofukua, hewa hupata unga mpya wa kushambulia. Kule Kilembe, Uganda, mgodi wa shaba ulisimama mwaka 1982, lakini mafuriko ya Mto Nyamwamba bado yanamega mabaki yake.

Kinga inajulikana: kuyafunika mabaki kwa udongo wa mfinyanzi na majani, kuchimba mitaro ya kuyaepusha na maji ya mvua, na kutuliza asidi kwa chokaa. Milima ya Homa iliyo jirani ina miamba ya jamii hiyo ya chokaa.

Nyumbani, kuchemsha huua vijidudu tu. Maji yakipungua sufuriani, metali kama shaba hubaki. Ukipeleka maji ya kisima au mto maabara, omba yapimwe pia shaba, arseniki na zebaki.