Laini: Utangulizi wa Taaluma ya Maana

Tuanzie bombani, Lindi, katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi. Mitungi imepangwa, na mama aliyefika sasa hivi anauliza, "Hii laini inaishia wapi?" Hatua chache kutoka hapo, kwenye kibanda cha M-Pesa, wakala anamwuliza kijana laini yake imesajiliwa kwa jina la nani. Ukifika Soko la Toi, mwuza mitumba anamshikisha mteja blauzi: "Guza uone, kitambaa laini." Watatu hao wametamka sauti zile zile, na hakuna msikilizaji aliyetatizika. Semantiki, taaluma ninayokukaribisha, inaanza pale unapouliza kwa nini hakutatizika.

Laini ya mwuza mitumba haina udugu na hizo nyingine. Ilitoka kwenye Kiarabu, layyin, yaani kisicho kigumu. Ya bombani na ya simu zilitoka kwenye Kiingereza, line. Ni maneno mawili yaliyokutana katika matamshi, na wataalamu huyaita homonimu. Sarufi huyatenganisha bila taabu: moja ni kivumishi, mkate laini, viatu laini, jingine ni nomino, nawe unalihesabu, laini mbili, laini tatu. Lakini laini ya bombani na laini ya simu ni neno moja lililozaa maana kadhaa. Hiyo ni polisemia, na hapo ndipo utamu wa taaluma hii ulipo.

Asili ya line ni Kilatini, linea, uzi wa kitani. Uzi ukawa mstari, kisha neno likashika kila kinachonyooka au kufuatana: kamba ya kuanikia nguo, safu ya watu, njia ya treni, ukoo, waya wa simu. Waya huo ndio ulioileta laini ya simu kwetu. Leo waya haupo, ila jina limebaki kwenye kadi ndogo isiyo na uzi wowote.

Kiswahili hakikuubeba mzigo wote. Treni inayokatiza Kibera inapita kwenye reli, nguo tunaanika kwenye kamba, na mshairi anahesabu mishororo. Mwanaisimu Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, alifundisha kwamba thamani ya neno inategemea majirani zake. Watazame majirani wa laini ya bombani. Yupo mlolongo, ambao kwa Mkenya aliyeshuhudia mwaka 1988, wapiga kura wa mchujo wa chama cha KANU wakipangwa nyuma ya wagombea au mawakala wao, umebeba uchungu usioelezwa na kamusi. Ipo pia foleni. Wapo walimu wanaoisahihisha laini ya bombani wakidai Kiswahili chake ni foleni. Siwaungi mkono. Foleni nayo ilitoka kwenye Kiingereza, kwenye amri ya kuwapanga askari, fall in. Iliyotangulia kufika haina haki ya kumfukuza mwenzake, na anayesema laini hajakosea: anasema kama wanavyosema watu anaoteka nao maji.

Majina ya mahali nayo hutunza maana zilizokwisha kazi. Jina Kibera limetokana na kibra, neno la Wanubi, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), lenye maana ya msitu. Ukitembea kidogo kutoka Lindi unafika Laini Saba, na jina hilo huelezwa kwa uwanja wa shabaha wa askari hao hao. Msitu hauupati tena wala hausikii mlio wa bunduki za mazoezi. Kuna nyumba za mabati, na majina mawili yanayokumbuka.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla ya kufungua sura ya kwanza nenda bombani na daftari. Andika sentensi kumi zenye neno laini, na kando ya kila moja uandike nani aliisema, wapi, na alikuwa akimwambia nani. Uje nazo darasani.