Mnywaji wa Pombe na Madini ya Mwili

Tukitembelea nyumba yenye mgonjwa wa pombe, mara nyingi tunaambiwa, "Amekonda, hana damu." Kisha jamaa hukimbilia dukani kununua tembe za kuongeza damu. Tungoje kidogo.

Pombe, iwe chang'aa au bia, hufanya madini ya zinki na magnesiamu yatoke kwa wingi na mkojo. Tena mnywaji hali vizuri. Ini likiharibika, upungufu huzidi. Zinki ikipungua, vidonda havikauki upesi na chakula hakina ladha. Magnesiamu ikipungua, misuli hukaza na mikono hutetemeka.

Lakini chuma, ambayo ndiyo madini ya zile tembe za damu, ni mambo mengine. Kwa wanywaji wengine chuma hujaa kwenye ini na kuliumiza zaidi. Kwa hivyo apimwe damu kwanza.

Tufanye nini? Tumpe chakula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku: maharagwe, ndengu, mayai, omena, njugu. Aliyezoea kunywa kila siku asiache ghafla bila daktari, anaweza kushikwa na kifafa. Na macho yakiwa manjano au tumbo likivimba, tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.